Rajonivritti: Ukomohedhi katika Mizani ya Ayurveda na Msamiati wa Kiswahili

Utangulizi

Msichana wa Uswahilini anapovunja ungo hupokewa na maneno mengi. Husemwa kuwa ameingia mwezini, kwamba yumo katika siku zake, kwamba sasa ni mwari. Na katika jamii nyingi za upwa wa Afrika Mashariki alikuwa akipewa somo au kungwi wa kumfunza yaliyomfika na yatakayomfika. Tasfida za uwanja huu zinajulikana, na kila mwanafunzi wa isimujamii anaweza kutoa mifano yake. Jambo ambalo aghalabu husahaulika ni kuwa utajiri huu wa lugha huishia njiani. Damu ile ile inapokoma baada ya miaka thelathini na ushei, mwanamke hakuti kungwi wala msamiati. Kamusi humpa maelezo ya maneno mawili, "kukoma hedhi", kisha hunyamaza. Fukuto linalompanda kifuani katikati ya mkutano, usingizi unaomtoka saa nane za usiku, hasira zisizo na chanzo na viungo vinavyomuuma kila aamkapo, yote hayo hubaki bila jina, au hupewa jina lisilo lake: malaria, presha, uchawi, utovu wa adabu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi tiba ya Ayurveda, iliyozaliwa Bara Hindi, inavyoutazama wakati huu wa maisha na namna inavyojaribu kumpa mwanamke nafuu. Ayurveda imeteuliwa kwa sababu ina lugha pana ya kuelezea hali ya mwili pale ambapo lugha nyingine hunyamaza, na kwa sababu lugha hiyo, kama itakavyobainika, si ngeni kwa Kiswahili kwa kiasi kinachodhaniwa. Makala hayadai kuwa kila kinachouzwa kwa jina la Ayurveda kinafaa. Baadhi yake hakifai, na kingine kinadhuru.

Mwili Unavyobadilika

Kwa mujibu wa biolojia, mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma hedhi akishapitisha miezi 12 mfululizo bila kuona damu, pasi na sababu nyingine kama vile mimba, kunyonyesha au maradhi. Wanawake wengi duniani hufikia hapo wakiwa na umri wa kati ya miaka 45 na 55. Nchini India wastani unaotajwa sana ni wa miaka 46 au 47 hivi, mapema kuliko Ulaya na Marekani ambako ni takriban miaka 51. Ovari hupunguza na hatimaye kuacha kutoa mayai. Homoni ya estrojeni hushuka, lakini haishuki kwa mwendo mmoja. Katika miaka ya mpito hupanda na kushuka ovyo, na ndiyo maana dalili huja na kuondoka. Sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili huwa nyepesi kushtuka, hata badiliko dogo tu hulichukulia kuwa joto la kupita kiasi. Hapo mishipa ya damu ya ngozi hutanuka, jasho hutoka, kisha baridi hufuata. Mifupa nayo, ambayo estrojeni ilikuwa ikiilinda, huanza kupungua uzito kwa kasi.

Tiba ya Magharibi haijawa na msimamo mmoja kuhusu mabadiliko haya. Jina la Kifaransa ménopause lililetwa na daktari Charles de Gardanne mwaka 1821. Mwaka 1966 daktari wa Marekani, Robert Wilson, alichapisha kitabu Feminine Forever ambamo ukomohedhi ulielezwa kuwa ugonjwa wa upungufu wa homoni, unaohitaji kutibiwa kama upungufu mwingine wowote. Wanawake wengi wakaanza kupewa estrojeni. Kisha, mnamo Julai 2002, utafiti mkubwa wa Marekani uitwao Women's Health Initiative ulisimamisha sehemu yake iliyohusu mchanganyiko wa estrojeni na projestini, kwa kuwa hatari zilizoonekana, saratani ya matiti na kiharusi zikiwamo, zilizidi manufaa. Uchambuzi uliofuata umeonyesha kuwa kwa wanawake wengi walio chini ya umri wa miaka 60, au ambao hawajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, manufaa ya homoni huzidi madhara. Hata hivyo, hofu ya 2002 ilikuwa imekwisha kuenea, na ndiyo iliyowasukuma wanawake wengi wa Ulaya na Marekani kugeukia mitishamba, yoga na Ayurveda.

Jina na Uzito Wake

Ayurveda ni muungano wa maneno mawili ya Kisanskriti: ayus, yaani uhai au maisha, na veda, yaani elimu. Katika istilahi za waganga wake, ukomohedhi huitwa rajonivritti. Rajas, miongoni mwa maana zake kadhaa, ni damu ya hedhi. Nivritti ni kuacha, kujiondoa, kurejea kutoka katika shughuli. Katika falsafa ya Kihindi nivritti ni kinyume cha pravritti, ambayo ni kujitosa katika mambo ya dunia, na hutumiwa kwa mtu aliyezipa kisogo pilikapilika za ulimwengu ili aitazame nafsi yake. Jina hili basi limebeba staha. Kiarabu, kwa upande wake, kimezoea kuuita umri huu sinn al-ya's, umri wa kukata tamaa. Kijapani hutumia konenki, jina ambalo maandishi yake yanaleta pamoja kufanywa upya, mwaka na kipindi. Kiswahili kina kitenzi koma, na jirani yake wa karibu kwa sauti na kwa maana ni komaa. Kilichokoma kimefika mwisho. Kilichokomaa kimefika utimilifu. Anayetafuta istilahi yenye heshima hana haja ya kwenda mbali.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa vitabu vya kale vya Ayurveda vinasema mengi juu ya jambo hili. Sushruta Samhita, mojawapo ya misingi mikuu ya tiba hiyo pamoja na Charaka Samhita, inataja kwa ufupi kuwa hedhi huanza katika umri wa miaka 12 na kukoma katika umri wa miaka 50, mwili unapokuwa umepevuka kwa uzee. Haiuweki ukomohedhi katika orodha ya maradhi ya wanawake. Uzee wenyewe umewekwa katika fungu la mambo ya kimaumbile pamoja na njaa, kiu, usingizi na kifo: mambo yanayomsumbua binadamu lakini yasiyo na mkosaji. Aidha, kwa hesabu ya Sushruta uzee kamili huanza baada ya miaka 70. Mwanamke wa miaka 50 bado yumo katika umri wa kati, katika kipindi kinachoanzia miaka 40 ambapo nguvu hupungua kidogo kidogo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile kinachofundishwa leo kuwa Ayurveda ya ukomohedhi ni ufasiri wa waganga na wasomi wa karne ya 20 na ya 21, waliozichukua dalili zinazotajwa na wanawake wa leo na kuzitia katika nadharia ya kale. Hilo si kosa. Mapokeo yote yaliyo hai hufasiriwa upya, na mwanafunzi wa fasihi simulizi hahitaji kuambiwa. Wa kutiliwa shaka ni muuzaji anayedai kuwa kichupa chake kimewatibu wanawake wa ukomohedhi kwa miaka elfu tano.

Dosha Tatu

Nadharia yenyewe inasimama juu ya nguvu tatu zinazoitwa dosha. Vata hutokana na hewa na uwazi; ndiyo inayosukuma kila mwendo mwilini, kuanzia pumzi hadi fikra, na sifa zake ni ubaridi, ukavu, wepesi na kutotulia. Pitta hutokana na moto ukiwa na maji kidogo. Huyeyusha chakula na kuupa mwili joto, nayo ni ya moto, kali na yenye kupenya. Kapha hutokana na maji na udongo. Huushikamanisha mwili na kuupa uzito, ni baridi na ya mnato. Kila mtu ana dosha zote tatu kwa vipimo vyake, na afya ni kudumu kwa vipimo hivyo. Umri nao una dosha yake: utoto ni wa kapha, utu uzima ni wa pitta, uzee ni wa vata.

Ukomohedhi basi unaelezwa kuwa kivuko kati ya pitta na vata, na mvukaji huweza kusumbuliwa na pande zote mbili. Mwanamke ambaye pitta yake imechafuka hulalamika juu ya fukuto, jasho la usiku, ngozi kuwasha na hasira za karibu. Yule ambaye vata imempanda hukosa usingizi, huingiwa na wasiwasi, husahau, hukauka ngozi na uke, na maungo humwuma. Kapha ikizidi, mwili huwa mzito, miguu huvimba, na huja uzito wa moyo unaomfanya mtu asitake kuamka. Kutokana na mgawanyo huu, waganga wa Ayurveda hawatoi dawa moja kwa wanawake wawili eti kwa kuwa wote wana miaka 49.

Kuna kipengele kimoja cha nadharia hii kinachostahili kutazamwa kwa makini. Vagbhata, mwandishi wa Ashtanga Hridaya, ambaye wataalamu wengi humweka karibu na karne ya 7, alieleza kuwa kila dosha ina makao yake katika tishu za mwili. Makao ya vata ni mifupa, na uhusiano wao ni wa kinyume: vata ikiongezeka, mfupa hupungua. Vagbhata hakujua lolote kuhusu estrojeni. Lakini uchunguzi kwamba mtu mkavu, mwenye baridi na anayezeeka huwa na mifupa hafifu ulifanywa na watu waliokuwa wakitazama kwa makini.

Baridi Yabisi

Msomaji wa Kiswahili anaposikia kuwa vata ni baridi na kavu, na kwamba hukaa mifupani, yamkini atakumbuka jina alilolitumia maisha yake yote bila kulichungulia ndani: baridi yabisi. Yabisi ni neno la Kiarabu lenye maana ya -kavu. Maradhi ya viungo yaliitwa hivyo kwa sababu tiba ya Kiarabu, iliyorithi mafunzo ya Galen na Wayunani wengine, ilivigawa vitu vyote kwa joto na baridi, kwa ukavu na umajimaji. Kumbukumbu ya tiba hiyo imesalia katika lugha ingawa wasemaji wake wameisahau. Balghamu ni mmoja wa majimaji manne ya Wayunani. Safura, ambayo kwetu sasa ni ugonjwa wa kupungukiwa damu unaohusishwa na minyoo, asili yake ni neno la Kiarabu la nyongo ya manjano. Wazee wa pwani bado huvigawa vyakula kuwa vya moto na vya baridi, na mgawanyo huo hauhusiani na jiko.

Tiba ya Kiarabu na ya Kihindi hazikuwa zimetengana kwa ukuta. Vitabu vya Kihindi vilitafsiriwa kwa Kiarabu zama za makhalifa wa Baghdad, na Ali ibn Rabban al-Tabari aliyekamilisha Firdaws al-Hikma mwaka 850 alitenga sehemu ya kitabu chake kwa ajili ya tiba ya Wahindi. Si sahihi kusema kuwa baridi yabisi na vata ni kitu kimoja. Wayunani walihesabu majimaji manne, damu ikiwa mojawapo. Ayurveda huhesabu dosha tatu, na damu huiweka miongoni mwa tishu. Hata hivyo, mantiki ni ya ukoo mmoja: kilicho baridi hutibiwa kwa joto, kilicho kavu hutibiwa kwa mafuta.

Jambo hili lina faida ya moja kwa moja kwa mtafsiri. Vata kwa Kisanskriti ni upepo, na tafsiri sisisi inavutia. Lakini mwanamke wa Mombasa akiambiwa ana upepo mwingi mwilini atafahamu kwamba tumbo lake limejaa gesi, au, akilikumbuka umbo la wingi, kwamba amepandwa na pepo. Na huko kuna waganga wengine kabisa. Afadhali vata ibaki vata, kisha ielezwe kwa ubaridi na uyabisi ambao masikio ya Waswahili yameuzoea.

Uhusiano wa kihistoria upo pia dukani na jikoni. Waoshwal wengi wa Kenya wana asili ya vijiji vilivyo kandokando ya Jamnagar, Gujarat; na Jamnagar ndiko kuliko Chuo Kikuu cha Ayurveda cha Gujarat, kilichoanzishwa 1967, na ndiko Shirika la Afya Duniani lilikozindua kituo chake cha tiba za jadi mwaka 2022. Dania na jira ni viungo vya mboga vilivyoingia katika Kiswahili cha Kenya na majina yao ya Kihindi. Mwarobaini, unaopigiwa mfano kila inapotajwa miti shamba yetu, asili yake ni Bara Hindi.

Mlo, Mafuta na Usingizi

Ayurveda huanza na mwenendo wa siku, unaoitwa dinacharya, kabla ya kufikia dawa. Mwanamke anayesumbuliwa na vata huelekezwa kula chakula cha moto, kilichopikwa, chenye majimaji na mafuta kiasi: uji, supu, wali uliochanganywa na ndengu na kutiwa samli, mboga zilizopikwa badala ya mbichi. Hutakiwa kula kwa saa zile zile kila siku, kwa maana vata hupenda vurugu na hutulizwa na utaratibu. Mwenye pitta hushauriwa kupunguza pilipili, vitu vichachu, pombe na kahawa, na kupendelea matango, nazi, na maji yaliyochemshwa kwa dania, jira na shamari kisha yakapozwa. Wauguzi wa hospitali nao humwambia mwenye fukuto ajihadhari na pilipili, pombe na kahawa, wakiwa na sababu tofauti. Kuhusu samli neno la tahadhari lahitajika. Kijiko kimoja kilimfaa mkulima wa Gujarat aliyeshinda shambani. Karani anayeketi kutwa nzima, ambaye hatari yake ya maradhi ya moyo huongezeka baada ya hedhi kukoma, ana hesabu nyingine ya kufanya.

Baada ya chakula huja mafuta. Abhyanga ni kujipaka mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, kichwani hadi nyayoni, kwa mikono isiyo na haraka, kisha kukaa nayo kitambo kabla ya kuoga. Maungo marefu huchuliwa kwa kunyoosha na viungo kwa kuzungusha. Mwenye joto jingi hutumia mafuta ya nazi. Shirodhara, ambayo ni kumiminia mafuta ya uvuguvugu kwenye paji la uso kwa mkondo mwembamba usiokatika, ni kazi ya mtaalamu, na hutolewa hasa kwa wasiolala.

Hapa Kiswahili kina neno lake, nalo ni kusinga. Bibi harusi wa pwani husingwa kwa liwa na manukato, ngozi ikalainishwa kwa siku kadhaa kabla ya kutolewa. Kitendo kinafanana, lakini shabaha hazifanani. Singo la bibi harusi humwandaa kwa ajili ya macho na mikono ya mwingine. Abhyanga ya mwanamke wa miaka 50 haimwandai kwa ajili ya mtu yeyote. Ngozi yake hulainishwa kwa kuwa imekauka na yeye ndiye anayeishi ndani yake. Hata kama mafuta hayo hayashushi fukuto hata moja, nusu saa ya asubuhi ambayo mama mwenye nyumba hatakiwi na mtu ni kitu ambacho kaya nyingi hazijawahi kumpa.

Usingizi huandaliwa tangu machweo: chakula chepesi mapema, nyayo kupakwa mafuta, na maziwa ya moto yenye iliki au kungumanga kidogo sana, kwa maana kungumanga ikizidi ni sumu. Yoga na mazoezi ya kupumua hukamilisha ratiba. Hapa upo ushahidi wa kupima. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2014, lililowahusisha wanawake 249, lilionyesha kuwa wiki 12 za yoga hazikupunguza idadi ya fukuto ikilinganishwa na wasiofanya, ila ziliboresha usingizi. Haya ni matokeo ya wastani ambayo hayapendezi sana katika tangazo la biashara, lakini mtu aliyekesha miezi sita atayathamini.

Mitishamba na Hatari Zake

Mimea miwili hutajwa kuliko mingine yote. Wa kwanza ni shatavari, ambao wanabotania huuita Asparagus racemosus. Shata ni mia, na kwa kweli mizizi yake ni mingi. Lakini wauzaji hupenda kulifasiri jina hilo kuwa "mwenye waume mia". Ni kinaya kidogo kwamba mmea uliosifiwa kwa kuongeza uzazi na maziwa sasa huuzwa kwa wanawake waliokwisha kuzaa. Huhesabiwa kuwa wa baridi na wenye kulainisha, hivyo unafaa kwa moto wa pitta na ukavu wa vata kwa pamoja. Wa pili ni ashwagandha, Withania somnifera, jina lenye maana ya harufu ya farasi. Mimea yote miwili huota porini Afrika Mashariki pia, na imekuwa ikitumiwa na waganga wa huku kwa njia zao bila kusubiri Charaka.

Ashwagandha imefanyiwa majaribio. Lililochapishwa India mwaka 2021 liliwahusisha wanawake wapatao mia moja waliokuwa katika miaka ya mpito. Baada ya wiki 8, waliotumia mzizi huo walikuwa na dalili pungufu kuliko waliopewa dawa bandia. Jaribio lilikuwa dogo na la muda mfupi, na haliwezi kubeba mzigo wa matangazo yote yanayotundikwa juu yake. Upande wa pili wa mizani, zimeripotiwa kesi za watu walioharibikiwa ini baada ya kutumia ashwagandha, na mmea huo huweza kuivuruga tezi ya shingoni. Yashtimadhu, mzizi mtamu unaotiwa katika dawa nyingi za mchanganyiko, hupandisha shinikizo la damu ukitumiwa kwa wingi. Mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya matiti hapaswi kugusa mmea unaosifiwa kuwa na tabia za estrojeni kabla ya kumwona daktari wake.

Lipo pia suala la madini. Tawi moja la Ayurveda, rasashastra, hutumia zebaki, risasi na metali nyingine kwa makusudi, zikiwa zimeunguzwa na kusafishwa kwa namna inayoaminiwa kuondoa sumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la JAMA ulipima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa kwenye intaneti, zilizotengenezwa India na Marekani. Takriban moja katika kila tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kwa mwanamke wa umri huu risasi ni adui wa aina ya pekee. Mwili huihifadhi mifupani kwa miongo mingi, na mifupa inapopungua baada ya hedhi kukoma, risasi hiyo hurudi katika damu. Anayemeza kidonge chenye risasi ili kulinda mifupa yake anaongeza akiba ya sumu katika ghala linaloanza kuvuja.

Nchini India waganga wa Ayurveda husomea shahada ya miaka mitano na nusu, mafunzo ya vitendo yakiwamo, na mnamo 2014 serikali iliunda wizara kamili ya tiba za jadi, AYUSH. Mwalimu aliyefunzwa hivyo huanza kwa kuuliza. Mazungumzo ya kwanza huweza kuchukua saa nzima: mtu hulala saa ngapi, huota nini, choo chake kikoje, hupenda baridi au joto, hukasirishwa na nini. Dawa iliyonunuliwa kwenye mtandao haimuulizi mnunuzi swali lolote. Mnunuzi wa Kenya anaweza walau kuangalia kama bidhaa imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Mficha maradhi kifo humwumbua, na yapo mambo ambayo hayapaswi kupelekwa kwa dosha hata kidogo. Damu inayorudi baada ya miezi 12 ya ukimya, hata tone, inahitaji uchunguzi wa hospitali mara moja, maana huweza kuwa dalili ya saratani ya mji wa mimba. Jasho la usiku linaloandamana na kukonda na kikohozi huenda likawa kifua kikuu. Moyo unaokwenda mbio bila kutulia huenda ukawa ni tezi. Aidha, mwanamke anayetumia dawa za presha, za kisukari au za usingizi anapaswa kumtajia daktari kila mtishamba anaotumia, kwa jina na kwa kipimo, hata kama anaogopa kukemewa.

Ili aweze kutaja, sharti awe na maneno. Hapa ndipo kazi humrudia mwanafunzi wa Kiswahili. Dodoso za kliniki na vijitabu vya afya hulazimika kuchagua jina la lile joto la ghafla, na si majina yote yanayofaa. "Homa" itampeleka mwanamke kupimwa malaria. "Joto jingi" litafikiriwa kuwa ni hali ya hewa. Fukuto lina sifa za kutosha: husemwa juu ya joto linalozidi kutoka ndani, hubeba jasho, na haliashirii ugonjwa. Fukuto la mchana na fukuto la usiku vingetosheleza haja ya madaktari wengi. Kwa ukavu lipo yabisi, lenye historia ndefu zaidi kuliko istilahi yoyote inayoweza kubuniwa leo. Mwanamke anayeamka saa nane na asirudi kulala bado hana neno moja la hali yake.